Phir Aayi Hasseen Dillruba: Huyu Mamba Katoka Wapi?

Kilichonikera katika Phir Aayi Hasseen Dillruba ni mamba. Yapo mengine ambayo ningeweza kuyalalamikia, na baadhi nitayagusa, lakini kila ninapoikumbuka filamu hii ya Kihindi ya mwaka 2024, sehemu ya pili ya Haseen Dillruba, mawazo yangu yanakwenda kwenye mto wa jiji la Agra na wanyama wale waliotiwa humo ili kuimalizia hadithi ambayo haikuwahitaji hata kidogo. Asiyeiona na anayetaka kuiona ajue kwamba mambo ya sehemu ya kwanza nitayafichua waziwazi, na ya sehemu ya pili nitayafichua kwa kiasi tu. Mwisho wake sitausema.

Ili hasira yangu ieleweke, ni lazima nianze na Haseen Dillruba ya mwaka 2021. Rani, binti wa Delhi anayemeza riwaya za mapenzi na mauaji za mwandishi wa kubuniwa aitwaye Dinesh Pandit, anaozwa kwa Rishu, mhandisi mpole wa mji mdogo wa Jwalapur ambaye hata kumtazama mke wake usoni kunamtoa jasho. Mama mkwe aliahidiwa mkamwana anayejua mambo ya nyumbani, na anapogundua kwamba huyu jikoni hajiwezi, nyumba nzima inakosa amani. Halafu anaingia Neel, binamu wa mume, mwenye kifua kipana na maneno matamu, na yanayofuata kila mtu anaweza kuyakisia. Ambayo hakuna aliyeyakisia ni namna Neel alivyokufa: Rani alimpiga kwa paja la nyama lililogandishwa kwenye friji. Nyumba ikalipuliwa kwa gesi ya kupikia. Rishu akaukata mkono wake mwenyewe, ule uliochorwa tatuu ya jina la Rani, ili polisi wauokote na waamini kwamba aliyeungua ni yeye.

Tazama vifaa vilivyotumika: nyama, gesi, kisu. Vyote vilitoka jikoni, mahali palepale ambapo mwanamke huyu alidharauliwa tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake. Mwanzoni kabisa mwa filamu tulimwona akiwalisha nyama mbwa wa mtaani nje ya nyumba, tukalipita jambo hilo bila kulitilia maanani kwa sababu hakuna anayemshuku mke kwa kuwapa mbwa nyama. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yetu kwa zaidi ya saa mbili, na tulipoelezwa mwishoni, mimi na dada zangu tulirudisha nyuma tukaangalia tena, kila kitu kikawa mahali pake. Sikuwa nimewahi kudanganywa na filamu kwa uungwana kiasi kile.

Sasa tuje Agra. Rani anafanya kazi saluni, Rishu anaishi kwa kujificha na mkono wa bandia, na wawili hao wanatafuta njia ya kuondoka India pamoja. Afisa wa polisi Kishore Rawat, aliyeichunguza kesi ya sehemu ya kwanza, yupo tena, akichezwa na Aditya Srivastava yuleyule aliyezoeleka kwa miaka mingi katika tamthilia ya CID, na safari hii anakuja pia Jimmy Shergill kama baba mdogo wa Neel, polisi mwenye kisasi chake binafsi. Ili kuwapotosha wanaomfuatilia, Rani anaolewa na Abhimanyu, mhudumu wa zahanati, kijana mtulivu ambaye anampenda na anajua fika kwamba yeye hapendwi. Hadi hapo sikuwa na neno baya la kusema.

Tena niongeze, kwa haki kabisa, kwamba Sunny Kaushal kama Abhimanyu ndiye aliyeibeba filamu hii mabegani. Anazungumza kwa sauti ya chini, anainamisha macho, anapokea kila jibu baridi kwa tabasamu la mtu anayeshukuru kwa kidogo alichopewa, na ni tabasamu hilohilo ambalo baadaye, bila yeye kubadilisha chochote usoni, linaanza kukutia baridi mgongoni. Vikrant Massey, anayemcheza Rishu, ni mwigizaji mkubwa, lakini hapa amepewa kazi ya kungoja, kuchungulia na kuona wivu, na yule Rishu wa sehemu ya kwanza, aliyemchukia mke wake hadi akawa anamtega ili aumie, kisha akampenda hadi akaukata mkono, hayupo. Taapsee Pannu, ambaye ndiye Rani, anapendeza kwa sari na ua kichwani, Taj Mahal ikiwa nyuma yake, na kamera inalijua hilo kupita kiasi. Kuna nyakati nilihisi kwamba mtengenezaji anamtaka Rani apendeze zaidi kuliko anavyotaka afikiri, ilhali kufikiri ndiko kulikomfanya Rani awe Rani.

Ndipo wanapotokea mamba. Sisi tuliokulia karibu na Rufiji tunamjua mamba, na hatumwoni kuwa pambo. Mahali penye mamba, maisha ya watu yote yanapangwa kumzingatia: mtoto haendi mtoni peke yake, anayechota maji anajua pa kusimama, mvuvi anajua saa ya kutoka. Nilitarajia basi kwamba kama Agra ya filamu hii ina mamba, hofu hiyo ingeonekana mapema katika maisha ya wahusika, kama ile nyama na wale mbwa walivyoonekana mapema Jwalapur, ikawa sehemu ya maisha kabla ya kuwa silaha. Sikuiona. Mamba wanatajwa pale hadithi inapowahitaji, na wanatokea pale mwandishi anapotaka mtu atoweke. Mamba wa eneo lile wanafahamika zaidi katika mto Chambal, ambao una hifadhi maarufu ya mamba, wakiwamo wale wenye mdomo mrefu mwembamba, na ambao unaungana na Yamuna, mto wa Agra, baada ya Yamuna kulipita jiji hilo. Yamuna inayopita nyuma ya Taj Mahal inajulikana kwa uchafu wake. Sisemi kwamba mamba hawezi kuonekana hapo. Ninachosema ni kwamba filamu haikujishughulisha kunishawishi.

Watetezi wake wananiambia kwamba hadithi hizi zinajengwa kwa makusudi juu ya mtindo wa riwaya za bei rahisi za Kihindi, zile zilizochapwa kwa wingi Meerut na kuuzwa kwenye vituo vya treni, ambamo kila jambo linawezekana. Naujua utetezi huo na siukubali. Msomaji wa riwaya ile alitoa hela yake kidogo ili achezewe akili, na mwandishi aliyemficha muuaji bila kumwachia dalili hata moja asingemuuzia kitabu cha pili. Dinesh Pandit mwenyewe, huyu wa kubuniwa, anatuambia kwamba mapenzi yasiyovuka mpaka wa wazimu si mapenzi, na mimi nakubaliana naye ndani ya ulimwengu wake. Lakini wazimu wa Rishu mwaka 2021 ulikuwa na hesabu. Alijua polisi watatafuta nini, akawapa hicho hicho, akalipa kwa mwili wake. Mamba halipi chochote, wala hapangi chochote.

Linaloniuma zaidi ni kwamba aliyeandika sehemu zote mbili ni Kanika Dhillon. Mwongozaji alibadilika, kutoka Vinil Mathew hadi Jayprad Desai, na ningeweza kumtupia lawama mgeni nikalala usingizi. Siwezi, kwa sababu aliyelibuni lile paja la nyama ndiye aliyetuletea mamba.

Nilikusudia kuandika kwamba filamu hii isitazamwe na yeyote aliyeipenda ya kwanza, na kwa siku kadhaa ndivyo nilivyowaambia watu. Kisha juzi dada yangu mkubwa aliiweka tena sebuleni, nikakaa kutazama mwanzo tu, Rani akiingia kituo cha polisi usiku wa mvua kushtaki kwamba mume wake anataka kumuua, na sikuinuka. Nusu ile ya kwanza ni nzuri. Ni nzuri kweli, na Abhimanyu anazidi kutisha ukishajua ni mtu wa namna gani. Hasira ilinirudia baadaye, kubwa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu safari hii niliona jinsi walivyokuwa karibu kufaulu: walikuwa na saluni, walikuwa na zahanati, walikuwa na mtu mwenye sindano na dawa mkononi akiishi nyumba moja na mwanamke mwenye kichwa kikali kuliko wote, wakaacha vyote hivyo wakaenda mtoni. Itazame mpaka ndoa ya Rani na Abhimanyu, na hatua chache baada ya hapo. Ukiona maji, uamuzi ni wako.