Spektra au tofauti za nukta: ipi ya mkondo wa Lamu?

Ukipigia hesabu maji yanavyopita kati ya Amu na Manda, kwa usahihi spektra (kuandika umbo kama jumla ya mawimbi) haina mpinzani, mradi umbo ni laini na linajirudia: fanya FFT (hesabu ya haraka ya kugawa umbo katika mawimbi yake), zidisha kila wimbi kwa ik (i ni mzizi wa −1, k ni namba ya wimbi), kisha rudisha, upate mteremko. Mteremko wa e^(sin x) hupata tarakimu 12 sahihi kwa nukta 32 tu. Tofauti za nukta (kupata mteremko kwa kutoa thamani za nukta jirani) za daraja la pili hupunguza kosa mara nne kila ukiongeza nukta maradufu. Mwendo wa kobe.

Kosa la kila siku ni kukata data ya maji kujaa na kupwa kwenye saa 24. Mizunguko miwili huchukua kama saa 24 na dakika 50, basi ncha hazikutani, na mfululizo wa Fourier (ile jumla ya mawimbi), ukikomea kwenye mawimbi machache, hurukia juu takriban 9% ya pengo lililo kati ya ncha hizo. Spektra ya Chebyshev, inayotumia polinomia badala ya mawimbi, huponya hilo kwa kusonganisha nukta mipakani, ila kwenye usambaaji (kama chumvi inavyoenea majini), kwa Euler ya mbele (kusonga hatua kwa hatua kwa mteremko wa sasa), hatua ya muda husinyaa kama 1/N⁴ badala ya 1/N², N ikiwa idadi ya nukta.

Ufuo wa mikoko na hori nyingi? Tofauti za nukta: seli iliyokauka unaizima tu. Mfereji ulionyooka, kina kikibadilika polepole, na laptopu yenye kumbukumbu kidogo? Spektra.