Miezi minane na CDN kwenye tovuti ya biashara yangu

Nauza vifaa vya ofisi kupitia tovuti ndogo, na miezi minane iliyopita niliiweka nyuma ya CDN, yaani mtandao wa seva zilizotawanywa sehemu mbalimbali za dunia. Nimeridhika nayo, ila kuna ukurasa mmoja ambao haikuusaidia kabisa.

Shida yangu kubwa ilikuwa umbali. Seva iko bara moja, wateja wangu wengi wako jingine. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kwenye seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 hula milisekunde 100 hata njia ikiwa imenyooka, na njia za intaneti hazinyooki. Tena kivinjari hakifanyi safari moja tu. Kinafungua muunganisho, kinakubaliana na seva kuhusu usimbaji wa https (kuficha data ikiwa njiani), ndipo kinaomba ukurasa. CDN hutunza nakala za picha, skripti na faili za mitindo kwenye seva zilizo karibu na mteja, na safari zote hizo zinafupika. Ukurasa wangu wa mwanzo ulikuwa ukifunguka kwa sekunde sita hivi. Sasa ni mbili na kidogo.

Lakini sitaipa CDN sifa zote. Nilikuwa na picha za megabaiti nne nne, na wiki hiyohiyo nilizipunguza ukubwa na kuzigeuza kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Mpango wa bure ninaotumia haupunguzi uzito wa picha, unaileta tu kutoka karibu. Ukiacha picha nzito, mteja mwenye bando dogo bado ataumia.

Kujiunga na CDN ni kubadilisha seva za majina za domeni (zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake), kazi ya dakika chache, ingawa mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea. Hapo nilikosea. Niliacha CDN iongee na seva yangu kwa http ya kawaida, isiyosimbwa, na seva nayo inalazimisha kila ombi liwe https. Zikabaki zinarudishiana ombi, na kwa karibu saa mbili wateja hawakuona kitu ila ujumbe wa hitilafu. Dawa ilikuwa kuchagua usimbaji kamili, yaani CDN nayo iongee na seva yangu kwa https, kwa kuwa cheti tayari nilikuwa nacho kwenye seva.

Kisha kache, yaani zile nakala zinazohifadhiwa. Nilibadilisha picha ya kiti, jina la faili likabaki lilelile, na wateja wakaendelea kuona kiti cha zamani kwa siku kadhaa. Kitufe cha kufuta kache kipo kwenye dashibodi, lakini hakifiki kwenye nakala iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya simu ya mteja. Siku hizi kila picha mpya naipa jina jipya.

Jambo moja nakusihi sana: kikapu, malipo na akaunti za wateja visiwekwe kwenye kache kamwe. Ukurasa wa mtu mmoja ukihifadhiwa, mwingine anaweza kufunguliwa anwani na oda zisizo zake. Mimi nilijaribu kwa akaunti mbili, kwenye simu mbili tofauti, kabla ya kuruhusu wateja waingie.

Na ukurasa ule niliousema ni huo wa malipo. Kwa kuwa hauhifadhiwi, kila ombi lake linasafiri mpaka kwenye seva yangu, na hifadhidata yangu ni nzito. Huko ndiko ninakofanya kazi sasa.