Nyota tatu kwa uchaguzi wa kamati ya shule hapa Moshi mjini

Wazazi wenzangu mliouliza uchaguzi wa kamati ya shule ulikwendaje jumamosi, mimi nilikuwepo toka mwanzo mpaka kikaratasi cha mwisho kimehesabiwa kwahiyo naandika niliyoyaona. Shule siitaji jina, ni ya msingi ya serikali hapahapa mjini, wanangu wawili wanasoma pale, mmoja la tatu mwingine la sita. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Taarifa kwanza, hapo wamefeli kabisa. Mtoto kaja na kikaratasi ijumaa jioni eti kikao kesho saa tatu asubuhi, jamani jumamosi ndo siku ya biashara, mimi nauza ndizi Mbuyuni na wenzangu wengi wako Memorial kwenye mitumba, ikabidi nimwachie jirani meza yangu ndo nikaenda. Saa tatu tupo kama ishirini hivi, kikao kimeanza saa nne na nusu. Bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake alisimama ukutani muda wote huo mpaka kijana mmoja akamwambia shikamoo bibi, kaa hapa, akamletea kiti cha mwalimu.

Ila kupiga kura kwenyewe nawapongeza kutoka moyoni. Mara iliyopita tulinyoosha mikono, sasa we unanyooshaje mkono kumkataa mtu ambae anakukopesha unga na sukari dukani kwake? Safari hii walitaka tunyooshe tena, baba mmoja akasimama akasema mwalimu tunaomba kura ya siri, ukumbi mzima ukapiga makofi. Basi wakachana daftari vipande vipande, tukaandika majina, tukatumbukiza kwenye ndoo ya uji yenye mfuniko. Msimamizi alikuwa mtendaji wa mtaa, mwalimu mkuu yeye akakaa pembeni maana ndo katibu wa kamati, na hilo alilifanya vizuri. Kura zilihesabiwa mbele yetu, kijiti kimoja kimoja kwa chaki ubaoni, vikifika vitano vinafungwa. Kuna kura moja iliandikwa "mama wa duka la kijani", msimamizi akaiinua tukaiona wote akauliza tunaihesabu au tunaiacha, tukasema ihesabiwe maana mwenye duka la kijani ni mmoja tu na aligombea. Nimeipenda sana hiyo.

Wagombea walipewa dakika moja moja. Mmoja alisema mnanijua akakaa. Mama mwingine akasema ameenda mwenyewe vyoo vya wasichana, milango mitatu haina komeo, mabinti wanashikiana mlango kwa zamu. Mwanangu wa la sita alishawahi kuniambia hivohivo nikadhani anadeka. Huyo mama ndo kaongoza kwa kura.

Sasa kilichoninyima raha mpaka leo. Mapato na matumizi hayakusomwa. Wajumbe wawili wa kamati iliyopita walikuwa wanagombea tena, na sisi tunapiga kura bila kujua hela tulizowakabidhi zimefanya nini! Nikanyoosha mkono nikauliza, nikajibiwa itasomwa kikao kijacho. Kikao kijacho kura zimeshapigwa, itanisaidia nini?

Na msidhani ni hela ndogo za kupuuzia. Shule ya msingi ya serikali ada hatulipi, serikali inaleta ruzuku, ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 inaingia akaunti ya shule na 4,000 ni ya vitabu. Shule ikiwa na watoto 800 hiyo ni 4,800,000 kwa mwaka, yani laki nne kwa mwezi, hapo kuna chaki, mitihani, ukarabati. Bado uji na mlinzi tunachangia sisi wenyewe. Na hela ya madarasa ikija kwa fosi akaunti, yani shule inajenga yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, wanaokaa kwenye kamati za manunuzi na mapokezi wanatoka humuhumu kwetu, ndo wanaohesabu mifuko ya simenti ikishushwa. Mtu wa kazi hiyo unamchagua umeshaona hesabu zake za nyuma.

Kwahiyo kama shule yenu inakaribia kuchagua, nendeni, hata kama ni siku ya soko. Daini kura ya siri, na kabla hamjapewa karatasi ombeni mapato na matumizi yasomwe, mmoja akiuliza peke yake kama mimi anazimwa fasta, mkiuliza kumi hawawezi.

Mimi nimesema wakibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo nawaongezea nyota ya nne. Jumatatu nimepita kumpeleka wa la tatu nikaangalia, kuna ratiba ya mitihani tu na tangazo la sweta.