Wakusanya madeni wa mkopo wa 2016: nyota moja, na hiyo ni ya yule dada wa kwanza

Jina la kampuni silitaji, maana wapigaji hawa ni wengi na mtindo wao ni mmoja. Deni lenyewe ni mkopo wa simu wa 2016, shilingi elfu tatu, enzi zile ambapo hapa Mombasa ukishika simu ya mtu unakuta programu za mikopo tatu au nne. Mkopeshaji alishafunga duka kitambo. Mwaka jana wakaanza kunipigia watu wanaosema wamelinunua deni hilo, nalo sasa ni elfu kumi na nne na ushei.

Wa kwanza alikuwa dada mpole. "Habari ya asubuhi dadangu, naomba unithibitishie nambari ya kitambulisho." Nikamwambia aliyepiga ni yeye, basi ajitambulishe yeye: jina la kampuni, mkataba niliokubali, na hesabu ya jinsi tatu ilivyozaa kumi na nne. Vyote kwa maandishi. Akasema sawa, atatuma kwa barua pepe. Adabu alikuwa nayo, nampa haki yake.

Aliyefuata ni mwanamume aliyejiita afisa wa sheria. Huyu hana salamu. "Dalali yuko njiani, toa vitu vyako nje." Nyuma yake nikasikia sauti nyingine ikimwambia mtu mwingine maneno yayo hayo, dalali yuko njiani. Madalali gani hao, wa kila nyumba? Mkopo huu haukuwa na dhamana yoyote, na dalali haji kwako mpaka kuwe na kesi na mahakama itoe amri. Polisi ndio kabisa hawahusiki. Kushindwa kulipa deni si jinai.

Alipoona sitetereki akalegea. "Basi tuma hata mia mbili tu, tuone nia yako." Hapa ndipo pa kuwa macho. Kwa sheria ya Kenya, deni la mkataba lina miaka sita ya kushtakiwa, kuanzia siku ulipotakiwa kulipa ukakosa. La 2016 lilishapita. Lakini ukilipa chochote, au ukiandika na kutia sahihi kwamba unadaiwa, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Ile mia mbili ina thamani kwao kuliko unavyodhani. Sikutuma. Na tuelewane: deni halifutiki kwa kupita miaka, ila anayekudai hupoteza nguvu ya kukupeleka kortini. Akikushtaki hata hivyo, usikae nyumbani. Nenda uitoe hoja hiyo mwenyewe, maana hakimu hatakutolea.

Kilichoniudhi hasa ni simu aliyopigiwa khalati yangu Likoni, akaambiwa mimi ni mwizi wa pesa za watu. Khalati ana presha, na hajawahi kunidhamini popote. Nambari yake waliipata wapi, kama si ile orodha ya majina ambayo programu ilijichotea kwenye simu yangu? Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Nikaandika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwenye tovuti yao. Hawatozi chochote, na sheria inawapa siku 90 kuyamaliza. Nilibandika picha za jumbe, saa za simu na maelezo ya khalati. Hao wa ofisini wangekuwa ndio ninaowapa nyota, ningewapa nne. Fomu yao inachosha kuijaza kwa simu.

CRB nayo, ile ofisi inayoweka rekodi za mikopo ya watu, walinitishia, nikaenda kuitazama ripoti yangu mwenyewe. Deni hilo halimo. Tangu Aprili 2020, Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiokuwa chini ya usimamizi wake kupeleka majina huko, kwa hiyo usikubali neno la mtu wa simu, angalia mwenyewe. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni nayo iko kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Tangu malalamiko yale khalati hajapigiwa tena. Mimi bado hunipigia mara moja moja kwa nambari ngeni, nami huwajibu neno lile lile: nitumieni karatasi. Ile barua pepe ya yule dada haijafika mpaka leo.