Jero ndani ya mchongoko

Nilikuja kuisifu treni, naapa. Wiki nzima nawaambia wenzangu wa viti mwendo waachane na mabasi, wapande treni ya umeme, hii ya mchongoko. Ila kila nikianza kuandika, ile jero, sarafu ya mia tano, inanirudia.

Ngoja nianze na uzuri, hasira zisije zikala haki ya watu. Dar mpaka Dodoma kwa basi nimesafiri miaka na miaka. Unabebwa mgongoni na kijana usiyemjua, wapiga debe wanapaza sauti "pisha mgonjwa!" na kiti kinasukumiwa kwenye buti chini ya magunia. Kuna safari kilishuka gurudumu limejikunja, nikakaa kwa watu siku tatu. Na maji hunywi tangu jana yake jioni, maana ukibanwa Gairo nani atakushusha?

Kwenye treni nilikunywa maji. Chupa nzima, Ruvu hatujafika! Wenye miguu mtaona ni jambo dogo. Lifti ya stesheni ilinipandisha, dada mhudumu akaniuliza mimi, si mdogo wangu niliyeongozana naye: "Nikusukume au unajiweza?" Nikaingia behewani juu ya kiti changu mwenyewe. Kufika Morogoro nilishaipa nyota tano moyoni.

Hapo ndipo akapita baba mmoja wa suti ya kijivu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia huku anamtazama mdogo wangu. "Mnampeleka hospitali, Benjamin Mkapa?" Mdogo wangu akasema hapana mzee, dada anaenda kikaoni. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, sijui alisikia nini, akazamisha mkono mfukoni, akaniwekea jero. Wala si mkononi: kwenye laptopu niliyoipakata, juu ya kibodi, katikati ya bajeti niliyokuwa naihakiki. "Utapata soda, mwanangu."

Mimi ni mhasibu. Nina miaka arobaini na mbili. Nikakosa neno, na shikamoo nilishaitoa, hairudishwi.

Mahandaki ya kule Kilosa nimeyapita yote natunga majibu. Tukitumbukia gizani napata jibu la kumkata maini, tukitoka kwenye mwanga naona nitaonekana sina adabu. Milima ambayo kila mtu anaipiga picha mimi sikuiona.

Sasa treni imekosa nini hapo? Hakuna. Nyota mbili nikazishusha hata hivyo, mtanisamehe. Baadaye nikairudishia moja, maana yule dada mhudumu aliona uso wangu, akaja kusimama karibu bila kuuliza kitu.

Na pengine mzee wa watu alikuwa na nia njema. Nilishaanza kulainika hivyo, mpaka tulipofika Dodoma. Tunaenda kwenye lifti, tunakuta watu wazima na afya zao wamejazana na mabegi, ngazi ziko palepale wanaziona. Na katikati yao, suti ya kijivu. Hakusogea hata inchi. Akanipungia mkono, mlango ukafunga.

Tiketi ya kurudi nimeshakata, treni hiyohiyo. Jero ninayo kwenye mfuko wa kiti. Nikikutana naye namnunulia soda.

Nyota nne. Tatu na nusu.