Uwanja wa JKIA Nairobi mpaka JFK New York bila kushuka njiani

Juzi nimerudi kutoka New York na ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja, ile iliyoanza Oktoba 2018, na jamani kwa mtu anayesafiri na mtoto hii ni raha tupu. Umbali ni kama kilomita 11,800, kwenda masaa 15 hivi, kurudi unaokoa karibu lisaa lizima kwa sababu ule upepo mkali wa huko juu unavuma kuelekea mashariki unaisukuma ndege, nilikuwa naangalia ramani kwenye skrini naona spidi inapanda tu.

Mwaka jana nilipitia Ulaya na shirika lingine, silitaji, tukakwama masaa tisa kwenye viti vya chuma mtoto analia, begi nalo likafika siku ya tatu. Sirudii tena!

Ndege yenyewe ni Dreamliner, siti tatu tatu tatu, madirisha hayana pazia, unabonyeza kitufe kioo kinageuka bluu taratibu, binti yangu alikichezea mpaka mzee wa siti ya pembeni akamwomba basi mama niache nilale.

Ila masaa 15 ni masaa 15, miguu yangu ilivimba viatu vikagoma kuingia nikashuka na malapa. Chukua siti ya pembeni ya njia, uinuke kila mara. Na saa usiibadilishe kabla hujafika, majira ya joto kule wako nyuma yetu masaa 7, baridi ikiingia yanakuwa 8.