fMRIPrep: picha inakusafishia, takwimu ubaki nazo mwenyewe

Ukiipa fMRIPrep, programu ya kuandaa picha za utendaji wa ubongo (fMRI), folda iliyopangwa kwa BIDS, yaani mfumo wa pamoja wa kupanga data za ubongo, inakurudishia picha zilizosawazishwa mwendo wa kichwa, zikalinganishwa na picha ya anatomia ya mshiriki huyohuyo, kisha zikapelekwa kwenye ramani ya MNI, ubongo wa kielelezo unaotumiwa na wengi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ndani yake kuna programu nyingine za picha za ubongo, ANTs, FSL, FreeSurfer na AFNI, kila moja imepewa hatua inayoimudu. Hilo peke yake linakutua mzigo wa zile hati za amri (Bash) zilizorithiwa kwa mwanafunzi aliyehitimu zamani, ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.

Usihangaike kuisakinisha kipande kwa kipande. Tumia kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji: Docker kwenye kompyuta yako, Apptainer kwenye seva ya pamoja. Leseni ya FreeSurfer haina malipo, lakini lazima uiombe na uonyeshe ilipo kwa --fs-license-file. Kazi ikikatika ghafla na namba 137, usianze kulaumu data. Mara nyingi RAM imekwisha na mfumo umeiua programu. Docker kwenye kompyuta ya mkononi aghalabu hupewa sehemu tu ya RAM iliyopo. Folda ya kazi, ile ya -w, iweke kwenye diski yenye nafasi, maana huvimba kuliko unavyotarajia.

Sifa kubwa ya programu hii ni ripoti ya HTML ya kila mshiriki, na ndiyo isiyofunguliwa. Anza na muhtasari wa kila skani. Ukikuta “Susceptibility distortion correction: None” (yaani upotokaji unaoletwa na uga sumaku haukurekebishwa) na ilhali ramani ya uga sumaku ilipigwa, basi faili la JSON, lenye maelezo ya ramani hiyo, pengine halina IntendedFor wala B0FieldIdentifier, vifungu vinavyoiunganisha na skani zake. Programu haigomi, inaendelea tu kana kwamba ramani haipo. Kosa jingine ni PhaseEncodingDirection (mwelekeo ambao skana husimba picha) kuandikwa j badala ya j-. Hapo marekebisho yanasukuma upande usio wake, na sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, inazidi kupotoka badala ya kurudi mahali pake. Picha ya kabla na ya baada hupokezana ukiweka kipanya juu yake, kwa hiyo kosa hili halihitaji jicho la bingwa.

Mtego wenyewe ni faili la desc-confounds_timeseries.tsv, jedwali la vyanzo vya kelele kama mwendo wa kichwa. Lina safuwima chungu nzima, na wageni hulimimina lote kwenye modeli ya takwimu. Hilo ni ghala la kuchagulia. Piga hesabu: skani ya picha 150, TR (muda kati ya picha na picha) sekunde 2. Vigezo 24 vya mwendo, vijenzi 10 vya aCompCor (kelele iliyopimwa kwenye mada nyeupe na maji ya ubongo), cosine 4 (za mawimbi ya polepole), na tuseme picha 20 zimevuka kikomo cha mwendo, kila moja na safuwima yake. Jumla 58. Umebakiwa na digrii za uhuru 92, yaani taarifa zilizosalia za kukadiria, kabla hujaingiza jaribio lenyewe, na kwa kuwa picha zinazofuatana hufanana, taarifa halisi ni pungufu ya hapo.

aCompCor hukokotolewa baada ya mawimbi ya polepole, yale yanayozidi sekunde 128, kuchujwa. Ukiitumia, chukua na safuwima zote za cosine, halafu zima kichujio cha mawimbi ya polepole cha modeli yako. Ukiacha cosine na kichujio vyote viwili, mteremko wa skana (ishara yake kubadilika polepole) unabaki kwenye data. Ukiweka vyote viwili, safuwima zinarudiana. Mstari wa kwanza wa framewise_displacement (mwendo wa kichwa kati ya picha na picha) ni n/a kwa sababu picha ya kwanza haina ya kulinganishwa nayo. Kwenye modeli weka 0, lakini ukitafuta wastani wa mwendo uache nje.

Kikomo cha mwendo kinachokuja na programu ni milimita 0.5; kwa data za mapumziko, mshiriki akiwa hana kazi aliyopewa, wengi hushuka hadi 0.2. Chochote utakachochagua, kiandike kabla ya kuona matokeo. Kukibadilisha baada ya kuona ramani ya makundi ni kujipa tiketi ya pili ya bahati nasibu.

Na jambo linalosahauliwa: fMRIPrep hailainishi picha, yaani haichanganyi thamani za nukta jirani. Lainisha mwenyewe, kwa mfano kwa upana (FWHM) wa milimita 6, kabla ya modeli. Ukipima kwa vishada (nukta jirani zinazoonyesha athari pamoja), kizingiti cha kuundia kishada kiwe p < 0.001 au tumia pemuteshoni (kuchanganya lebo za data mara nyingi na kulinganisha). Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba njia za kawaida za vishada zingeweza kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70, mahali palipotarajiwa asilimia 5, na p < 0.01 ndiyo iliyofanya vibaya zaidi. Usafi wa picha hauponyi hilo.

Mwishoni mwa ripoti kuna maelezo ya mbinu yaliyokwisha kuandikwa. Yameachwa huru chini ya CC0, leseni isiyobakiza haki yoyote, yanakili yalivyo. Toleo ulilolianza nalo ulimalize nalo kwa washiriki wote. Kwa watoto wachanga achana nayo kabisa, chukua NiBabies: katika miezi ya mwanzo, mada nyeupe kwenye picha ya T1 (ya anatomia) huwa nyeusi kuliko ya kijivu, na ugawaji wa tishu uliotengenezwa kwa watu wazima hugeuka kichwa chini.